Capablanca: Mfalme wa Dakika Moja

Kila hosteli ina watu wa aina hii. Saa sita usiku taa zimezimwa, wenzao wanakoroma, wao wamejifunika shuka, simu mkononi, wanapiga sataranji ya dakika tatu tatu kwenye Lichess au Chess.com na mtu wa Brazil au Ufilipino ambaye hawatamwona maisha yao yote. Hapa siwazungumzii wanaojifunza jinsi farasi anavyoruka. Nawazungumzia wakali, waliovuka pointi 2,000, wanaomfunga kila mtu kwenye kozi yao, kisha wakifika pale wanakwama. Leo wamepanda pointi 30, kesho wameshuka 40. Bando linakata, mwaka unapita, michezo imefika elfu kadhaa, na pointi ziko palepale.

Ukiwauliza wanataka nini, watakwambia wanataka kuwa wepesi zaidi. Wanaamini tatizo ni saa. Wakicheza mingi zaidi, mkono utazoea, na pointi zitakuja zenyewe.

Basi naomba niwasimulie habari za mtu aliyekuwa mwepesi kuliko wote wa zama zake. Hakuwahi kuona intaneti, maana alifariki mwaka 1942. Lakini ukiyafuata maisha yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, utaona wepesi wake ulitoka wapi, na utaona pia ulimfanyia nini alipouamini kupita kiasi. Jina lake José Raúl Capablanca.

Mtoto wa Havana

Capablanca alizaliwa Havana tarehe 19 Novemba 1888, wakati Kuba bado ni koloni la Hispania. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alikuwa na miaka minne alipomkuta baba yake akicheza sataranji na rafiki, akakaa pembeni kutazama. Hakufundishwa na mtu. Siku chache tu baadaye akamwona baba amesogeza farasi mahali ambapo farasi hawezi kwenda, na yule mgeni hakushtuka. Mtoto akacheka, akamwambia baba yake kwamba ameiba. Baba akakasirika, akamtaka aonyeshe kama kweli anaujua mchezo. Wakapanga kete. Baba akafungwa.

Hadithi hii inapendwa sana, na ndiyo iliyomjengea sifa ya mtu aliyezaliwa anajua. Ila kuna sehemu nyingine ya utoto wake ambayo watu huiruka. Mwaka 1901, akiwa ndiyo anatimiza miaka 13, alipangiwa pambano na bingwa wa Kuba, Juan Corzo. Kijana alijua wazi kwamba Corzo anamzidi. Corzo alizijua fungua zote, yaani zile hatua za mwanzo ambazo watu hukariri. Kapteni wetu mdogo hakujua hata moja vizuri. Michezo miwili ya kwanza akafungwa. Halafu akatulia, akaanza kupata sare, akaanza kushinda, na mwisho wa pambano akawa amemfunga Corzo michezo minne.

Aliwezaje? Kati ya vitabu vichache alivyopewa na watu wa Havana kulikuwa na kimoja kinachohusu mwisho wa mchezo, pale kete zinapobaki tatu nne ubaoni. Kile ndicho alichokipenda. Wenzake walianza kujifunza mchezo kutoka mwanzo, yeye akaanzia mwisho. Maisha yake yote alishikilia msimamo huo, kwamba mtu asome mwisho kwanza, kwa sababu mwisho unaweza kuuelewa peke yake, ilhali mwanzo huwezi kuuelewa kama hujui unaelekea wapi.

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili linamhusu sana mtu wa blitzi. Chukua hali rahisi kabisa: wewe una mfalme na askari mmoja, mwenzako ana mfalme mtupu. Anayejua anajua kwamba mfalme wako akifika mstari wa sita mbele ya askari wako, umeshinda, awe anaanza nani, isipokuwa tu askari akiwa wa pembeni kabisa mwa ubao. Hahesabu chochote. Anatazama, anajua, anasogeza. Asiyejua anaanza kuhesabu: nikienda huku ataenda kule, nikienda kule atakuja huku. Katika mchezo wa saa tatu, wote wawili wanaweza kufika. Ukibaki na sekunde sita, mmoja tu ndiye atakayefika. Mkono wake ni uleule kama wako. Tofauti ni kwamba yeye kazi ya kufikiri aliimaliza zamani, akiwa ametulia, na usiku ule anavuna tu.

Mwanafunzi wa Columbia

Septemba 1906 Capablanca alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea uhandisi wa kemikali. Ada na matumizi yake yalilipwa na tajiri mmoja wa Kuba aliyetaka kijana arudi nyumbani akiwa injinia. Mwenzetu kabisa huyu: kozi ngumu, mji mgeni, boom la mfadhili, na mapenzi mahali pengine. Alipenda besiboli, na alipenda zaidi Manhattan Chess Club, klabu kubwa ya sataranji ya mji ule. Mchana darasani, jioni klabuni.

Ni klabuni pale ndipo watu walipoanza kugundua kitu cha ajabu. Mwaka huohuo wa 1906 yalifanyika mashindano ya mchezo wa haraka, na miongoni mwa washiriki alikuwepo Emanuel Lasker, Mjerumani, bingwa wa dunia. Kijana wa miaka 17 kutoka Havana akamaliza juu ya bingwa wa dunia. Kwenye mchezo mrefu hakuna ambaye angethubutu kuwalinganisha wakati ule. Kwenye mchezo mfupi tayari alikuwa mbele.

Baada ya miaka kama miwili akaacha chuo. Mfadhili hakutaka kulipia mcheza sataranji, boom likakatwa. Siyaandiki haya ili mtu akaombe kuahirisha masomo wiki ijayo. Nayaandika kwa sababu uamuzi ule ulimlazimisha kula kwa mchezo, na namna aliyoanza kula nayo ilimjenga. Mwaka 1909 alizunguka Marekani akicheza maonyesho, mtu mmoja dhidi ya watu wengi kwa wakati mmoja. Alipita miji 27 na kucheza michezo zaidi ya 600, akashinda karibu yote. Hebu mfikirie: anatembea kutoka ubao mmoja hadi mwingine, kila anaposimama anakuta sura tofauti ya vita, ana sekunde chache za kuitambua, anasogeza, anaendelea. Mji mwingine kesho, wapinzani wengine, makosa mengine.

Mtu anaweza kusema, si ndiyo hivyo hivyo na sisi tunacheza mingi? Kuna tofauti. Aliingia katika michezo ile 600 akiwa tayari anajua mwisho wa mchezo, kwa hiyo kila sura aliyokutana nayo ilipata mahali pa kukaa kichwani. Aliweza kujua kwamba hali ile inaelekea kwenye ushindi ule alioujua. Kwa asiye na msingi, michezo 600 ni kelele tu. Inapita kama magari barabarani, kesho huikumbuki hata mmoja.

Mwaka huohuo akapambana na Frank Marshall, bingwa mkubwa wa Marekani, mtu wa mashambulizi na mitego. Capablanca alishinda michezo 8, akapoteza 1, sare 14. Ulimwengu ukaanza kuuliza huyu ni nani.

Dakika tano kwa moja

Mwaka 1911 yaliandaliwa mashindano makubwa San Sebastián, Hispania, ya wachezaji wenye rekodi kubwa. Capablanca hakuwa na rekodi iliyotakiwa, alikuwa na ule ushindi juu ya Marshall tu. Wawili kati ya walioalikwa, Ossip Bernstein na Aron Nimzowitsch, walilalamika kwamba huyu kijana hastahili. Raundi ya kwanza kabisa Capablanca akapangwa na Bernstein, akamfunga kwa mchezo uliopewa zawadi ya uzuri. Nimzowitsch naye, siku moja watu wakicheza michezo ya haraka ya kujifurahisha, alisikia Capablanca akitoa maoni juu ya mchezo wake. Akachukia, akamkumbusha kwamba wasio na jina wanyamaze mbele ya wenye majina. Capablanca hakugombana. Akamkaribisha wacheze michezo ya haraka, akamfunga mfululizo mpaka wote waliokuwepo wakaelewa. Mashindano yalipoisha, aliyekuwa hastahili alikuwa wa kwanza.

Lakini kisa kinachomweka Capablanca juu ya watu wote wa blitzi ni cha St. Petersburg, Urusi, mwaka 1914. Mle mlikuwa na vichwa vyote vikubwa vya Ulaya. Nje ya mashindano yenyewe walikuwa wakicheza michezo ya haraka, na Capablanca aliwapa masharti haya: wewe chukua dakika tano, mimi nichukue dakika moja. Na akawafunga. Wanaocheza mashindano ya Lichess wanakijua kile kitufe cha kukata saa yako nusu ili ukishinda upate pointi ya ziada, na wanajua moyo unavyodunda ukikibonyeza mbele ya mtu mnayelingana. Huyu hakukata nusu. Alibaki na sehemu moja ya tano, dhidi ya wakali wa dunia nzima, na kwa saa za mishale.

Miongoni mwa walioyaona hayo kwa macho yao alikuwa kijana Mrusi anayemalizia masomo ya sheria mjini humo, Alexander Alekhine. Miaka mingi baadaye, hata walipokuwa maadui wakubwa, Alekhine alikiri kwamba hajapata kuona, kabla wala baada, akili inayoushika ubao kwa kasi kama ya Capablanca wa siku zile. Jina hilo lihifadhi, tutalirudia.

Sasa sikiliza kilichotokea kwenye mashindano yenyewe, ya mchezo mrefu. Capablanca aliongoza hatua ya kwanza, akaingia fainali akiwa pointi moja na nusu mbele ya Lasker. Walipokutana, Lasker, mzee wa miaka 45, alikuwa anahitaji ushindi. Badala ya kuanzisha vurugu, akachagua ufunguzi mtulivu kabisa, akabadilishana malkia mapema, akaanza kumkaba kijana pole pole. Capablanca hakuona hatari mpaka ilipokuwa imekaa kifuani. Akafungwa. Siku iliyofuata, akili bado iko kwenye kipigo, akafungwa tena na Siegbert Tarrasch. Mwisho wa yote Lasker alikuwa na pointi 13 na nusu, Capablanca 13.

Michezo miwili mfululizo. Anayecheza mtandaoni anaijua hali hiyo vizuri: umefungwa mchezo uliokuwa wako, damu inachemka, unabonyeza palepale kutafuta mwingine ili urudishe pointi, unafungwa tena, na saa nane usiku umeshuka pointi 100. Hata mwepesi kuliko wote duniani alipatwa nayo.

Miaka minane bila kufungwa

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachomfanya astahili kusomwa. Hakuongeza mbio. Aliurudisha mchezo wake kwenye usahihi, akawa mtu asiyekupa nafasi. Mwaka 1918 huko New York, Marshall alimwekea mtego mpya kabisa: akatoa askari bure ili apate shambulizi kali juu ya mfalme wake. Capablanca aliona kwamba anaingia kwenye nyumba ya mwenzake. Akaingia hivyo hivyo, akalinda hatua kwa hatua, na mwishowe akashinda. Mtego ule mpaka leo unabeba jina la Marshall, na ukicheza blitzi lazima utakutana nao.

Kuanzia Februari 1916 hadi Machi 1924 hakupoteza hata mchezo mmoja rasmi. Miaka minane, michezo 63. Ndani ya miaka hiyo, mwaka 1921, alikutana tena na Lasker, safari hii Havana, nyumbani kwake, wakigombea ubingwa wa dunia. Alishinda michezo 4, sare 10, hakufungwa hata mmoja. Mwaka 1922, Cleveland, alicheza dhidi ya watu 103 kwa pamoja. Akashinda 102, mmoja akapata sare. Watu wakaanza kumwita mashine.

Mwaka uleule wa ubingwa alichapisha kitabu chake, Chess Fundamentals. Ukikifungua unakuta haanzi na ufunguzi wala mitego. Anaanza na jinsi ya kumfunga mfalme mtupu kwa ngome, kisha askari na wafalme, kisha mwisho rahisi. Na sehemu ya michezo yake mwenyewe, bingwa wa dunia aliweka humo michezo aliyofungwa, akaeleza alipokosea. Si kila mtu ana moyo huo. Sisi tukifungwa tunafunga ukurasa haraka kama tumeona nyoka. Yeye alikichapisha kipigo kitabuni, akakiuza.

Kwa hiyo ule wepesi wa dakika moja ulisimama juu ya vitu vitatu ambavyo vyote hufanywa taratibu: kuujua mwisho wa mchezo mpaka usihitaji kuhesabu, kukutana na sura nyingi huku ukiwa na msingi wa kuzipanga, na kurudi kwenye kipigo chako na kukitazama usoni. Hakuna hata kimoja kinachofanyika saa ikiwa inakimbia.

Buenos Aires

Laiti hadithi ingeishia hapo. Baada ya ubingwa, Capablanca alianza kuishi kwa sifa. Serikali ya Kuba ilikuwa imemweka kwenye utumishi wa mambo ya nje tangu 1913, kwa hiyo alikuwa na cheo, safari na hadhi. Alikuwa mtanashati, anapenda tenisi, karata na maisha mazuri. Mchezo wake bado ulikuwa mtamu, na tatizo lilikuwa hapo hapo. Mtu anayeona jibu kwa sekunde mbili hupata taabu kujilazimisha akae saa tano na swali. Kwa nini ajisumbue, wakati jibu la kwanza huwa sahihi karibu mara zote?

Mapema mwaka 1927 alishinda mashindano ya New York akiwa pointi mbili na nusu mbele ya aliyemfuata. Aliyemfuata alikuwa Alekhine, yule mwanafunzi wa sheria wa St. Petersburg, na huyo ndiye aliyepangiwa kupambana naye kwa ubingwa miezi michache baadaye, Buenos Aires, Ajentina. Mpaka siku ile Alekhine hakuwahi kumshinda Capablanca mchezo hata mmoja. Wengi waliona pambano limekwisha kabla ya kuanza.

Alekhine hakujaribu kuwa mwepesi kuliko Capablanca. Aliijua vizuri kasi ile, alikuwa ameiona akiwa kijana. Alichofanya ni kuichukua michezo ya mwenzake, ikiwemo ile ya New York aliyokuwa ametoka kupigwa, na kuipitia moja baada ya nyingine kama mtu anayekagua hesabu za duka. Akaona kitu ambacho wengine hawakukiona kwa sababu ya mwanga wa sifa: Capablanca anaiamini mno hatua ya kwanza inayomjia. Panapotosha kufikiri kidogo, hafikirii. Anafanya vizuri, lakini si vizuri kabisa, na yale makosa madogo hayamgharimu kwa sababu wapinzani wanamwogopa. Alekhine akaamua kutomwogopa. Akaandaa ufunguzi, akajifunza kuvumilia hali kavu ambazo hakuzipenda, akaenda Ajentina.

Capablanca kwa upande wake hakujiandaa sana. Ya nini? Hajawahi kufungwa na huyu.

Mchezo wa kwanza, Alekhine akicheza na kete nyeusi, Capablanca alifungwa. Pambano likaendelea kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba, michezo 34, na 25 kati ya hiyo ilikuwa sare. Sare juu ya sare, wiki juu ya wiki, kila mmoja akisubiri mwenzake achoke kufikiri. Vita ya namna hiyo haina faida kwa mtu wa dakika moja. Alekhine alishinda michezo 6, Capablanca 3. Mchezo wa mwisho uliahirishwa usiku, na Capablanca hakurudi kuumaliza. Alituma karatasi ya kukubali kushindwa.

Kilichofuata kinauma kuliko kipigo chenyewe. Mwaka 1922 Capablanca, akiwa bingwa, ndiye aliyesimamia kanuni kwamba anayetaka kugombea ubingwa alete dola 10,000. Sasa Alekhine akaishika kanuni hiyohiyo: lete pesa tuone. Uchumi wa dunia ukaanguka mwaka 1929, pesa zikawa ngumu, maneno yakawa mengi, na pambano la marudiano halikufanyika kamwe. Kwenye simu yako kuna kitufe cha kumwomba mpinzani mrudie palepale. Capablanca aliomba miaka mingi, na hakukipata.

Hakufa moyo kabisa. Katikati ya miaka ya 1930 alirudi kwa bidii ambayo angeihitaji mwaka 1927. Mwaka 1936 alikuwa wa kwanza Moscow, mbele ya kijana Mikhail Botvinnik, na mwaka huohuo Nottingham, Uingereza, akawa wa kwanza pamoja na Botvinnik. Huko Nottingham alikutana na Alekhine ubaoni kwa mara ya kwanza tangu Buenos Aires, akamfunga. Ulikuwa mchezo mmoja tu, na taji halikuwa mezani. Mwaka 1939, Olimpiadi ya sataranji ilipofanyika Buenos Aires, mji uleule, alipata medali ya dhahabu ya ubao wa kwanza akiichezea Kuba.

Jioni ya tarehe 7 Machi 1942 alikuwa Manhattan Chess Club akitazama wengine wakicheza, kama alivyokuwa akifanya enzi za Columbia. Akaanguka ghafla kwa kiharusi, akakimbizwa hospitali, akafariki siku iliyofuata. Alikuwa na miaka 53. Alizikwa Havana. Katika maisha yake yote ya mchezo rasmi, mamia ya michezo, vipigo vyake havifiki 50.

Kwa wewe uliyekwama

Basi ndugu yangu wa pointi 2,000, tukuchukue sasa. Wepesi tayari unao, la sivyo usingefika hapo. Capablanca wa 1927 naye alikuwa nao tele. Wewe na yeye mmekwama kwenye jambo moja: mnaendelea kutoa akibani bila kuweka. Kila usiku unacheza kwa yale uliyojifunza miaka miwili iliyopita. Blitzi inakupa nafasi ya kuyatumia, haikuongezei. Ndiyo maana pointi zinapanda na kushuka mahali pamoja, kama boti iliyofungwa kamba.

Ukitaka kuongeza, fanya yale ya kijana wa Havana. Toa nusu saa kabla hujaanza kucheza, ukae na mwisho wa mchezo wa ngome na askari, huo unaotokea kuliko yote, mpaka ujue bila kuhesabu ni upi wa sare na upi wa ushindi. Chagua fungua chache uzielewe, badala ya kubadilisha kila wiki kama mtu anayejaribu viatu. Cheza michezo michache, halafu ile uliyofungwa uifungue na kuitazama mwenyewe kwanza, kabla hujabonyeza kompyuta ikuonyeshe jibu, maana ukikimbilia jibu utakuwa unadesa tu, na tunajua desa linasaidia mpaka siku gani. Weka na mchezo mrefu angalau mmoja kwa wiki, wa nusu saa kila mtu, ukae na swali mpaka likuume. Na ukifungwa miwili mfululizo, zima simu. St. Petersburg imetufundisha jinsi kipigo kimoja kinavyovuta kingine.

Na kuna wa kumwangalia pia: yule mwenzako wa chumba cha pili unayemfunga kila siku, asiyekasirika, anayeandika michezo yenu kwenye daftari. Unamcheka kwamba ni mzito. Alekhine naye alionekana hivyo, miaka kumi na tatu.